Mwizi wa Mafuta: Hotuba kwa Wanachama, Songea



Jambo tulilolichagua laweza kuonekana kuwa la mafundi tu, lakini lawahusu sana makarani watunzao daftari za mafuta.

Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, karani alisoma kitabuni kwamba lita moja ya dizeli ina nguvu za uniti 10 hivi. Akatazama mita ya injini ya akiba, akaona kila lita imetoa uniti 3 tu. Basi akaandika kwamba uniti 7 zimeibwa, na mtunza injini akatakiwa ajieleze kwa barua. Maskini yule hakuwa na la kueleza, maana hapana aliyemfundisha kwamba mwizi wake ni kanuni ya maumbile.

Kanuni hiyo iligunduliwa na kijana Mfaransa, Sadi Carnot, aliyetoa kitabu chake mwaka 1824. Alilifananisha joto na maji ya maporomoko: hufanya kazi lishukapo kutoka penye moto kwenda penye baridi. Nasi maporomoko twayajua. Huko Tulila, katika mto Ruvuma, masista Wabenedikto wa Chipole walijenga mitambo ya maji iliyoanza kazi mwaka 2015. Maji hushuka hata chini, na mtambo mzuri wa maji hupata sehemu 9 katika 10 za nguvu zake.

Mbona moto haupati hivyo? Kwa sababu joto halina njia ya kufika chini. Chini yake ni nyuzi 273 kupita ubaridi wa barafu, na hapana mto wala upepo ulio baridi kiasi hicho. Mvuke wa nyuzi 540 u juu ya mahali hapo kwa nyuzi 813. Tukiutupia maji ya nyuzi 30, bado u juu kwa 303. Umeshuka 510 tu katika 813, yaani hazifiki sehemu 63 katika 100. Na hiyo ni kwa mtambo usio na msuguano wala kuvuja, ambao haujapata kuundwa. Mitambo ya kweli ya mvuke hupata kama 40. Hatusemi haya kuyapinga makaa ya Ngaka, kule Mbinga. Ila atakayeyachoma kwa ajili ya umeme ajue kwamba katika magunia kumi, sita hivi yatapasha hewa joto.

Rudolf Diesel alimsoma Carnot, na injini yake ilipopimwa mwaka 1897 ilipata kama robo tu, ikasifiwa. Injini kubwa za leo hupita 40 katika 100. Ndogo za ofisini huwa kama 30, na joto lililobaki hutoka kwa moshi na rejeta. Mji wetu uliishi kwa injini za dizeli hata mwaka 2018, ulipofikiwa na gridi ya taifa kutoka Makambako.

Lakini mtunza injini asijifiche nyuma ya Carnot. Uniti 3 kwa lita ni haki. Uniti 1, injini ikiwa imebeba mzigo wake wa kawaida, yataka maswali. Na injini kubwa ikiwashwa kwa taa mbili na kompyuta moja, hula mafuta kwa kujizungusha yenyewe. Kosa hilo ni la aliyeamuru iwashwe.

Barua ile ilifutwa. Daftari la ofisi ile sasa lina safu tatu: lita, saa na uniti.