Kura ya Mzazi na Ufunguo wa Shule



Naanzia mbali na kwetu. Mwaka 1970 wapiga kura wa California walimchagua Wilson Riles kuwa msimamizi mkuu wa shule za umma za jimbo lao. Riles alizaliwa Louisiana mwaka 1917, akawa yatima angali mdogo, akaanza ualimu katika shule ndogo huko Arizona. Alimshinda Max Rafferty, aliyekuwa tayari amekalia kiti hicho, na akawa mtu mweusi wa kwanza kushika cheo cha kuchaguliwa na California nzima. Alirudishwa mara mbili. Kura za mwaka 1982 zilimpa kiti Bill Honig, na Riles akaondoka. Wenye watoto walimpa kazi, wakaichukua tena.

Sasa turudi kwetu. Jimbo letu la Ituri, hapa Kongo, lina mikoa mitatu ya elimu: Ituri 1 yenye makao hapa Bunia, Ituri 2 Mahagi, Ituri 3 Aru. Shule za eneo la Irumu zinahesabiwa katika Ituri 1. Kila mkoa una Proved wake, yaani mkuu wa elimu wa mkoa, na kila Proved anateuliwa kutoka Kinshasa. Anaweza kuwa mtu mwema na mchapakazi; nimewafahamu wa namna hiyo. Lakini barua inayomleta na barua inayomwondoa zote zinatoka kwenye ofisi moja, umbali wa safari ya ndege. Mzazi wa Gety, huko Irumu, hana herufi hata moja katika barua hizo.

Hata waziri aliye juu ya Proved, maisha yake ya siasa hayakatwi na wazazi. Waziri wetu wa kwanza wa elimu, mwaka 1960 katika serikali ya Lumumba, alikuwa Pierre Mulele. Alikaa wizarani kwa wiki chache tu kabla Lumumba hajaangushwa. Baadaye akaongoza uasi wa Kwilu, na mwaka 1968 akauawa. Nusu karne ikapita. Willy Bakonga ndiye aliyekuwa na wizara ya shule elimu ya msingi bila malipo ilipoanza, Septemba 2019. Mwezi Aprili 2021 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu kwa makosa ya fedha. Mmoja aliondolewa na mapinduzi ya ikulu, mwingine akaishia mbele ya majaji. Sisi tulisikia redioni.

Mtaniambia: tuna Katiba. Ni kweli. Katiba ya 18 Februari 2006 inaweka shule za chekechea, msingi na sekondari katika madaraka ya jimbo, mradi jimbo lifuate kanuni za serikali kuu. Tunachagua wabunge wa jimbo, wabunge wanamchagua gavana, gavana anamteua waziri wa elimu wa jimbo. Hesabuni mikono ambayo kura ya mama wa Kasenyi inapitia kabla haijafika kwenye dawati la mwanawe. Na tangu 6 Mei 2021 hata njia hiyo ndefu ilifungwa: Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, Luteni Jenerali Johnny Luboya akawa gavana wetu, serikali ya kiraia ya jimbo ikawekwa kando. Sibishani leo juu ya vita. Siku 25 tu baada ya amri ile kuanza, Boga na Tchabi, hukohuko Irumu, zilishambuliwa usiku na zaidi ya watu 50 wakauawa. Nasema tu kwamba shule ilibaki bila hata yule waziri wa mkono wa tatu.

Hata hivyo Irumu ina kiongozi wa shule anayechaguliwa, ila hatumtazami kama mwanasiasa. Ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi, COPA. Anachaguliwa uwanjani, kwa kunyoosha mikono, na kila mtu anajua nani alinyoosha.

Kwa miaka mingi huyu alikuwa mtu mzito. Shule zilitaifishwa mwaka 1974, kisha kwa mkataba wa 26 Februari 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi wa shule zao, mshahara ukibaki mzigo wa serikali. Serikali ilipoishiwa katika miaka ya tisini, mzazi ndiye aliyebeba mwalimu kwa ile pesa tuliyoiita prime. Ilikuwa dhuluma: mtoto asiyelipa alifukuzwa darasani, nami kama mwalimu kijana niliwahi kusimama mlangoni na orodha ya majina mkononi, jambo ambalo hadi leo linanikaa kooni. Lakini mkutano wa kupanga prime ulikuwa bunge halisi. Direkta wa shule alisimama mbele ya wauza samaki na wakulima wa mihogo akaeleza kila faranga. Asipoeleza, mikono haikunyooka.

Mwaka 2019 prime ikafutwa katika shule za msingi za umma. Naunga mkono kabisa. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wameingia darasani. Ila pamoja na prime tulifuta na mkutano. Mshahara unatoka Kinshasa, na mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo anafundisha bure, akingoja. Mwenyekiti wa COPA hajui darasani kuna walimu wangapi wa namna hiyo. Akiuliza, anaambiwa hiyo si pesa yake.

Je, tumpigie kura Proved, kama California? Mimi nasema hapana. Waliokuwa hapa wakati wa vita vya makabila, kati ya 1999 na 2003, wanajua kura ya cheo kama hicho ingehesabiwaje: Muhema kwa Muhema, Mungiti kwa Mungiti, Mubira akibembelezwa na wote. Shule ingekuwa nyara. Tena huko California kwenyewe kiti cha Riles kilikuwa chepesi kuliko kilivyoonekana. Wajumbe wa baraza la elimu la jimbo huteuliwa na gavana, na wananchi walipopunguza kodi ya majengo mwaka 1978, fedha za shule zikazidi kutegemea serikali ya jimbo, ambako bajeti hupangwa na gavana na wabunge. Msimamizi aliyechaguliwa na mamilioni alibaki kuomba kama wengine.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji kubadili Katiba. Orodha ya walimu wanaolipwa na wasiolipwa ibandikwe kwenye mlango wa kila shule, mwanzoni mwa kila muhula, na COPA iwe na haki ya kuisoma kwa sauti mbele ya wazazi. Madirekta mliomo ukumbini, hamhitaji ruhusa ya Kinshasa kuandika majina ya walimu mnaowaona kila asubuhi. Anzeni muhula huu.