Faini Haichimbi Choo

Ukaguzi wa vyoo hufanywa na mtu, na mtu huyo hula, huvaa na kusomesha watoto. Tangazo la wiki hii kuhusu vyoo limesema sana juu ya faini na siku ya mwisho ya kuchimba. Halikumtaja anayezunguka kukagua, yaani VHT, mwanatimu wa afya wa kijiji. VHT halipwi.

Uingereza iliimaliza hoja hii ya malipo kwa sheria ya mwaka 1872: kila eneo, la mjini na la mashambani, lilazimika kuajiri daktari wa afya na mkaguzi wa usafi. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari hao walikuwa wakiandika ripoti kila mwaka, wakieleza vifo vya watoto wachanga, visima vilivyochafuka na mitaro iliyoziba. Hata wale wa muda walilipwa.

Uganda ilipata Sheria ya Afya ya Umma mwaka 1935, chini ya Waingereza haohao. Ukaguzi na adhabu viliingia. Mshahara wa mtu wa kijijini haukuingia. Tangu mwaka 2001 kazi ya nyumba kwa nyumba imebebwa na timu za afya za vijiji, yaani VHT. Posho huja na mradi na kuondoka nao. VHT halipwi.

Huko Onduparaka, Arua, kazi yenyewe ni ya macho na subira: kuangalia kama shimo lina mfuniko, kama jerikani ya kibuyu chirizi ina maji na sabuni iko karibu. Jerikani kavu haimnawishi mtoto mikono, hata kama kamba na kijiti vyake ni vizima. Ndiyo maana mkaguzi hurudi tena na tena.

Eneo hili la West Nile limeshaona faida ya kurudi tena na tena. Dhidi ya mbung'o wanaoeneza malale, vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vilisimikwa kando ya mito, Arua, Maracha hadi Koboko, na vilipochakaa vikawekwa vingine. Watu wakapimwa damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda. Hakuna faini iliyomfukuza mbung'o.

Madiwani wa Arua na Koboko, anzeni na bajeti! Mlipeni VHT kwanza, faini ije baadaye. Nanyi wasikilizaji, diwani akija kuwaona, msimwache aondoke kabla hajajibu: VHT wa kijiji chetu atalipwa lini?