MAGITAA YASIUZWE KABLA HATUJAJARIBU DAKIKA 15
(Maneno ya karani wa ghala kwenye mkutano wa wanachama, yameandikwa kama alivyosema)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanaushirika, kina mama, na nyie vijana mliojibanza kule mlangoni,

Nimeombwa niseme juu ya gitaa. Wote mnajua Kamati imeuliza kama magitaa mawili ya kikundi yauzwe, fedha zikatengeneze bomba la kunyunyizia dawa. Hoja ina haki. Miezi miwili sasa hakuna aliyekuja kuyachukua ghalani. Nikiuliza naambiwa, "Mzee, muda uko wapi? Asubuhi shamba, mchana mzani, jioni mtu kachoka."

Kachoka kweli, sibishi. Lakini jamani, nani kawaambia gitaa linataka jioni nzima? Dakika 15 zinatosha kuanzia, mradi ziwe za kila siku. Vidole vinajifunza kidogo, vinalala, kesho vinakuta kitu kimebaki. Anayengoja Jumapili apige kwa saa 3 mfululizo, ncha za vidole zinamuuma, Jumatatu hagusi, na Jumapili ijayo anaanzia pale pale. Ngozi ya ncha za vidole inachukua wiki kadhaa kukomaa. Na msidhani sugu ya jembe itawasaidia, hiyo iko kiganjani!

Sasa, zinatoka wapi? Mie nazipata alfajiri kabla sijafungua ghala, maana jioni sijiamini. Mwingine atazipata maji ya chai yakiwa jikoni. Wapakiaji wa magunia ndio matajiri wa muda kuliko sote: lile lori linawangojesha kila siku. Muhimu ni kuzifunga kwenye kazi ambayo huiachi, usije ukakaa kila siku unajiuliza leo nipige saa ngapi. Na gitaa liwe mahali mkono unafika. Likitiwa mfukoni na kuwekwa juu ya kabati, mtu aliyechoka hatalishusha. Ila lisikae juani wala karibu na moto, mbao itapinda.

Dakika zenyewe msizimalize kwa kupiga kile mnachokijua tayari. Chukua kitu kimoja, tuseme kuhamisha vidole kutoka mshiko wa C kwenda wa G. Polepole, mpaka vyote vitue pamoja na uzi usikwaruze. Ukiharakisha, vidole vinajifunza makosa yako. Siku mavuno yamezidi, piga dakika 5 ukalale, lakini piga.

Kuna anayesema hana hamu. Hamu mara nyingi inakuja ukishakaa na gitaa, haitangulii. Mwangalieni Jean-Bosco Mwenda wa Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na gitaa lake likasikika mbali sana. Mtu huyo aliwahi kufanya kazi ya benki. Ali Farka Touré wa Mali alikuwa fundi mitambo wa redio, kisha akarudi kulima kwao Niafunké, kando ya mto Niger. Dunia ilishamjua, naye bado alijiita mkulima. Mwaka 2004 wakamchagua meya, na alifariki mwaka 2006. Sisemi mtakuwa kama wao. Nasema kazi walikuwa nazo.

Kitu kingine kinacholeta hamu ni kujua kuna mtu anakungoja. Kwa hiyo naomba Kamati isubiri mpaka Nane Nane. Wanaotaka wajiandikishe wawili wawili, mmoja apige rizimu, mwenzake solo, na kila jozi itayarishe wimbo mmoja wa kupiga mbele yetu siku hiyo. Mabinti nao waandikwe, sijaona uzi unaouliza nani kaushika. Jozi ikikosa siku tatu mfululizo bila ugonjwa wala msiba, gitaa linakwenda kwa jozi nyingine. Na Nane Nane ikifika hakuna wimbo, mie mwenyewe nitanyoosha mkono yauzwe, maana bomba nalo tunalihitaji.

Daftari liko mezani kwangu. Magitaa yako nyuma ya mzani, nimeshayafuta vumbi. Mwenye simu yenye programu ya kulinganisha nyuzi aje nayo, uzi mmoja umelegea. Nafungua mlango saa 12 asubuhi, kupima mazao naanza saa 1.