Jurji Zaydan na Mlango Uliofungwa



Nimetakiwa nizungumze juu ya mtu wa elimu ambaye maisha yake yana mafunzo kwa jumuiya yetu. Nimemchagua Jurji Zaydan. Huenda baadhi yenu mkastaajabu, kwa kuwa mtu huyu hakuwa Mwislamu. Alikuwa Mkristo wa Beirut. Lakini sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika kuandika tarehe ya Waislamu.

Alizaliwa mwaka 1861. Baba yake alikuwa na mkahawa mdogo, naye Jurji alitolewa shuleni angali mtoto ili amsaidie kazi. Alijaribu hata ufundi wa viatu. Baadaye akasoma Kiingereza usiku, na mwaka 1881 akaingia chuo cha Wamarekani mjini Beirut kujifunza utabibu. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja aliyemtaja Darwin kwa heshima katika hotuba yake alilazimika kujiuzulu. Wanafunzi wakagoma, na Zaydan, aliyekuwa miongoni mwao, akatoka bila ya shahada.

Akahamia Cairo, na mwaka 1892 akaanzisha jarida lake, Al-Hilal. Aliona kwamba elimu ilikuwa imefungwa ndani ya vitabu vizito ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvifungua. Kwa hiyo akaandika kwa Kiarabu chepesi khabari za tarehe, za lugha na za sayansi, na maswali ya wasomaji akayajibu. Kadhalika aliandika riwaya zaidi ya 20 juu ya zama za Kiislamu, akizitoa kwa sehemu ndani ya jarida. Msomaji alifuata kisa cha mapenzi, kumbe amekwisha kujifunza khabari za Andalusia au za Salahuddin. Kisha, baina ya mwaka 1902 na 1906, akatoa juzuu tano za tarehe ya ustaarabu wa Kiislamu.

Mwaka 1910 Chuo Kikuu kipya cha Misri kilimwita asomeshe tarehe ya Uislamu. Watu wakapinga kwa sababu ya dini yake, na kabla hajasimama mbele ya wanafunzi, kazi ile akanyang'anywa.

Mabwana, pimeni jambo hilo na hili la pili. Mwaka 1912 mwanachuoni wa Bara Hindi, Shibli Nu'mani, alitoa kitabu kizima cha kuzikosoa zile juzuu za Zaydan. Hakumfungia mtu mlango. Alikisoma kitabu chake, akakijibu kwa kitabu. Mimi naona njia ya Shibli ndiyo njia ya wanavyuoni. Aliyekosea husahihishwa kwa hoja, na aliyepatia hushukuriwa.

Zaydan alifariki ghafla mwaka 1914, lakini jarida lake liliendelea kutoka kwa zaidi ya miaka mia moja.

Basi nawauliza: tarehe ya wazee wetu imeandikwa na nani kwa Kiswahili ambacho kijana atakisoma kwa hamu? Tukiwa sisi wenyewe hatuiandiki, tusimlaumu jirani atakayeiandika kwa niaba yetu. Na akikosea, tusipige kelele tu, tushike kalamu.