Dawa za Mafua na Zamu ya Kazi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru



Sisi wa reli tumeombwa kusema machache juu ya afya, nasi tumechagua jambo lililo mifukoni mwa wengi wetu, yaani dawa za mafua. Kila mwaka, tangu Juni hata Agosti, baridi hutushika hapa Thika na Ruiru. Mtu akipiga chafya hukimbilia dukani, akanunua vidonge, akaingia zamu.

Kwanza tujue ya kuwa kidonge cha mafua si dawa moja. Mara nyingi ndani yake mna dawa tatu au nne: parasetamoli ya kutuliza homa na maumivu, dawa ya kukausha kamasi, dawa ya kuzuia chafya, na pengine kafeini, ile iliyomo katika kahawa. Zote hupunguza taabu tu, haziui virusi vya mafua.

Hapo ndipo ilipo hatari. Mtu ameza vidonge vya mafua, kisha kichwa chamwuma, naye aongeza Panadol. Panadol nayo ni parasetamoli. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa saa 24, ndiyo vidonge 8 vya miligramu 500, akihesabu zote pamoja. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtu aweza kujiona mzima kabisa. Aliyezidisha na aende hospitali upesi, asingoje kuumwa, maana dawa ya kuliokoa ini hufaa zaidi ikitolewa mapema. Mnywaji sana wa pombe, mwenye ugonjwa wa ini, na anayetumia dawa za kifua kikuu, wamwulize daktari kwanza.

Wenye presha nao wajihadhari. Dawa ya kukausha kamasi hubana mishipa ya damu, na yaweza kupandisha presha. Mwaka 2000 idara ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waache kuuza moja ya jamii hiyo, fenilpropanolamini, kwa kuwa ilihusishwa na kuvuja damu ubongoni. Na anayetumia warfarini asiguse kidonge chenye aspirini bila idhini ya daktari, asije akavuja damu.

Dawa ya kuzuia chafya, kama Piriton, huleta usingizi, na pombe huuzidisha. Kwa mtu anayeunga mabehewa, au aliye mbele ya mashine kiwandani, kusinzia kidogo tu kwatosha kumpoteza mkono.

Basi, ndugu, tusome maandishi ya pakiti. Tukiona neno Paracetamol, au Acetaminophen ambalo ni jina lake la pili, katika pakiti mbili, tusizitumie pamoja. Tununue kwa mwuza dawa aliyesajiliwa, tumtajie dawa zote tunazokunywa na kazi tunayofanya.

Twajua kwa nini wengi huja kazini wagonjwa: waogopa kukatwa mshahara. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Mjulishe mwajiri mapema. Ukinyimwa, mwone mwakilishi wa chama.

Hayo ndiyo machache tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize.