Chembe Ndogo, Wajibu Mkubwa: Nanoteknolojia na Haki ya Maji Salama

(Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya)



Ndugu wapendwa, huenda baadhi yenu mnajiuliza: Tume ya Haki na Amani, iliyozoea kusema juu ya ardhi, mishahara na uchaguzi, inatafuta nini katika mambo ya maabara? Jibu letu ni fupi. Elimu yoyote inayogusa maji tunayokunywa, chakula tunachokula na udongo tunaoulima ni suala la haki. Haifai iachwe mikononi mwa wataalamu na wenye mitaji peke yao.

1. Nanoteknolojia ni nini?

Chukueni rula ya mtoto wa shule, mtazame milimita moja. Igawanyeni katika sehemu milioni moja. Kila sehemu ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe tunazozizungumzia kwa kawaida hazizidi nanomita 100. Nyingine si ngeni kwetu, maana zimo hata katika moshi wa kuni. Jambo jipya ni kwamba binadamu amejifunza kuzitengeneza kwa makusudi.

Kwa nini udogo huo una maana? Gogo zima halishiki moto upesi, lakini likipasuliwa vijiti huwaka mara moja, kwa kuwa sehemu inayokutana na hewa imeongezeka. Vivyo hivyo, mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Kama ungeweza kukatwakatwa kuwa michemraba ya nanomita 1, jumla ya maeneo yake ingefika mita za mraba 6,000, karibu sawa na kiwanja cha mpira. Ndiyo sababu kiasi kidogo cha chembe hizo kinaweza kunasa uchafu mwingi.

2. Faida yake kwa wanyonge

Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, kwenye miamba ya volkano, maji mengi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi sana kwa miaka mingi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao hupinda. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi.

Mtanzania, Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembe hizi, nalo huweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mwaka huohuo Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya kila mtu. Hapo tunaona elimu ikitumikia uhai.

3. Mdharau mwiba mguu huota tende

Hata hivyo, sifa zilezile zinazoleta faida zinaweza kuleta madhara. Chembe za madini ya fedha hutiwa katika soksi ili kuua vijidudu vinavyoleta harufu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba soksi hizo zikifuliwa, madini hayo hutoka na kwenda na maji machafu. Huko nje hayachagui. Yanaweza kudhuru hata vijidudu vyenye manufaa.

Tena, kwa miaka mingi dioksidi ya titani, ambayo sehemu ya chembe zake ni ndogo namna hii, ilitumika kupa peremende weupe. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi kuondoa shaka kwamba huharibu chembechembe za urithi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chakula.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Chembe iliyofungwa imara ndani ya kitu kigumu si sawa na ile inayopeperuka na kuvutwa puani mwa mfanyakazi. Lakini tukumbuke asbesto. Ilisifiwa kwa kuwa haishiki moto, ikaezekwa juu ya nyumba na shule, na baadaye ikajulikana kuwa huleta saratani. Waliolipa gharama ya uzembe ule ni wafanyakazi na jamaa zao.

4. Wajibu wetu

Nanoteknolojia endelevu ni ile inayofikiria mwisho wa kitu tangu siku kinapobuniwa. Chujio lolote linalonasa sumu mwishowe hushiba. Je, kilichomo kitatupwa wapi? Kikimwagwa kando ya mto, tutakuwa tumeondoa sumu kikombeni mwetu na kuipeleka kwa jirani wa bondeni. Hiyo si haki.

Kwa hiyo tunahimiza mambo matatu. Kwanza, bidhaa zitaje wazi chembe zilizomo. Pili, anayeuza chujio aeleze lini libadilishwe, na apokee kilichotumika. Tatu, uchunguzi wa madhara ufanywe kabla ya mauzo. Mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 ulikwisha kukubali kwamba, penye hofu ya madhara makubwa, kukosa uhakika kamili si sababu ya kuahirisha kinga.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Maji tunayokunywa yamepimwa lini, na nani anayo majibu?
2. Chujio likiletwa parokiani, nani atalitunza, na masalia yake yatakwenda wapi?
3. Maskini kuliko wote kati yetu atayapataje maji hayo?

Ndugu, Mungu alimkabidhi mwanadamu bustani aitunze, pamoja na vile visivyoonekana kwa macho. Atujalie hekima ya kupokea kilicho chema, na ujasiri wa kuuliza kabla ya kudhurika. Amina.