Sokwe Aliye Kizimbani Asemewe na Nani?

Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria na walimu wa uraia, Njombe na Makambako

Utangulizi

Treni inayosimama Makambako inaendeshwa na mtu asiye na damu wala pumzi. TAZARA, mamlaka ya reli ya Tanzania na Zambia, imepewa nafsi na sheria: inamiliki mali, inaajiri, inashitaki na kushitakiwa. TANWAT, kampuni ya miwati iliyopo Njombe, nayo ni mtu machoni pa sheria, sawa na saccos yoyote iliyosajiliwa. Sokwe, ambaye mtafiti Jane Goodall alimwona Gombe mwaka 1960 akitengeneza kijiti cha kuvulia mchwa, ni mali.

Mada hii inadai kwamba ubishi wa kama sokwe ni mtu unaweza kusubiri. Kinachokosekana Tanzania ni mlango wa kuingilia mahakamani kwa niaba yake.

Mahakama za nje

Mwaka 2014 mahakama moja ya rufaa ya jimbo la New York, Marekani, ilikataa kumfungua Tommy, sokwe aliyefungiwa na mtu binafsi. Ilisema mwenye haki sharti aweze kubeba wajibu. Lakini mtoto mchanga habebi wajibu wowote, na bado anaweza kurithi shamba la chai Lupembe na kulidai mahakamani kupitia mtu mzima anayemwakilisha.

Novemba 2016, huko Mendoza, Argentina, Jaji María Alejandra Mauricio aliamua kinyume. Cecilia, sokwe aliyebaki peke yake katika bustani ya wanyama baada ya wenzake kufa, alitambuliwa kuwa si kitu bali mwenye haki. Mwaka 2017 akahamishiwa kwenye makazi ya sokwe nchini Brazil.

Hisani bila hukumu

Afrika Mashariki imewafungua sokwe bila jaji. Kati ya 1966 na 1969, mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek na shirika lake la wanyama la Frankfurt waliwaleta sokwe 17 kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungiwa, wakawaachia kisiwani Rubondo. Hawakufunzwa kuishi porini, lakini walizaana, na kizazi chao kipo hadi leo. Kenya ilifungua makazi ya Sweetwaters, Nanyuki, mwaka 1993. Uganda ikafuata na kisiwa cha Ngamba mwaka 1998.

Yote hayo ni hisani, na hisani hubadilika na mwenye nayo. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ikatangaza miezi sita ya kuwaruhusu wafanyabiashara kuwatoa wanyama waliobaki mikononi mwao. Haukupita muda, Waziri wa Maliasili na Utalii akasitisha. Mlango ulifunguliwa na kufungwa, na hakuna aliyewasemea wanyama wenyewe.

Sheria zetu

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakiri kwamba mnyama ana hisia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamfanya Rais mdhamini wa wanyamapori, ila kwa niaba ya wananchi, si ya wanyama. Mabadiliko ya 2020 kwenye sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yakabana zaidi: anayefungua shauri la haki hizo alitakiwa aeleze jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mtetezi wa sokwe angekwama hapo.

Mapendekezo

1. Sheria ya 2008 iruhusu chama kilichosajiliwa kumshitakia mnyama aliyefungwa.

2. Mahakama iweze kumteua mwakilishi kabla mnyama wa aina hiyo hajauzwa au kuhamishwa.

3. Wasaidizi wa kisheria wa Njombe waanze na kilicho karibu. Kipunji, tumbili aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, anaishi Rungwe na Kitulo, na hutegwa anapoingia kwenye mahindi. Akikamatwa hai, taarifa imfikie ofisa mifugo au wanyamapori wa halmashauri, na iandikwe.

Washiriki wajadili pia gharama. Cecilia alikuwa na mahali pa kupokelewa. Hukumu ya kumfungua mnyama Tanzania itahitaji kutaja nani atamlisha, wapi, na kwa fungu lipi.